Nyaraka za Jalalani

Songea ni mji unaojua kutunza kumbukumbu za mambo makubwa. Kila tarehe 27 Februari watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji kuwaenzi mashujaa walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906, na mji wenyewe unaitwa kwa jina la Nduna Songea Mbano, aliyeuawa katika msako huohuo. Lakini mtu akitaka kujua mambo madogo ya mji huu, mathalani sukari ya foleni ya mwaka 1984 ilifungwa kwenye karatasi gani, tiketi ya basi la kwenda Njombe ilikuwa na rangi gani, au mfuko wa mbolea uliofika Ruvuma mwaka ule ulichapwa maneno gani, atahangaika sana. Vitu hivyo vilipita mikononi mwa maelfu ya watu, kisha vikachomwa nyuma ya nyumba pamoja na majani makavu. Ninachodai katika sura hii ni kwamba kaya ya kawaida inaweza kuziba pengo hilo yenyewe, kwa gharama ndogo sana, kwa kutengeneza shajara ya sanaa kutokana na vitu vilivyotupwa, na kwamba thamani ya kwanza ya shajara hiyo ni ushahidi. Uzuri wake unakuja nyuma ya ushahidi huo na unautegemea.

Mfano wetu uwe Mshangano, moja ya kata za Manispaa ya Songea. Kama zilivyo kata nyingi za pembezoni mwa miji yetu, hapa msingi wa nyumba mpya huchimbwa hatua chache kutoka kwenye tuta la mahindi, kwa hiyo taka zake ni za mjini na za shambani kwa pamoja: mifuko ya saruji, waya wa kufungia nondo, mifuko ya mbolea, maganda ya mahindi, vizibo vya soda, vocha zilizokwanguliwa, risiti, mabaki ya vitenge chini ya cherehani ya fundi, ndala zilizokatika, mipira ya ndani ya baiskeli, magazeti yaliyofungia maandazi. Shajara ya sanaa ni daftari ambalo kurasa zake zimejengwa kwa vitu vya namna hiyo, vikabandikwa, vikashonwa, vikapakwa rangi, vikachorewa na kuandikiwa kwa mkono. Wenzetu wa nje wameifanya kuwa burudani ya watu wenye nafasi, na maduka yao huuza hata karatasi mpya zilizochakazwa kiwandani zionekane kuukuu. Huko sitaki twende. Karatasi iliyozeeshwa kiwandani haikuwahi kutumiwa na mtu, kwa hiyo haina la kusema juu ya mtu yeyote.

Anayeona ajabu kuziita taka ushahidi aangalie jinsi historia ya pwani yetu ilivyoandikwa. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, tayari kulikuwa na historia ya kale ya mji huo iliyoandikwa, yenye orodha ya masultani wake. Kilichomwezesha kuipima orodha hiyo, hata akasogeza baadhi ya miaka yake, ni vigae vya vyungu, vipande vya vyombo vilivyotoka Uajemi na China, shanga na sarafu za shaba, vitu ambavyo wenyewe walivitupa au viliwaponyoka. Orodha ya masultani iliandikwa na mtu aliyetaka kukumbukwa kwa namna fulani. Bakuli lililovunjika halikuwa na nia yoyote, na ndiyo maana linaaminika. Lakini Kilwa ilikuwa na bahati ya kutumia vitu vigumu: udongo uliochomwa, shaba, kioo. Maisha ya Songea ya leo yako kwenye karatasi, nguo na maboksi, na udongo wetu hautatutunzia hivyo. Mvua inayoanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, pamoja na mchwa, humaliza kazi hiyo ndani ya misimu michache. Kinachobaki ardhini ni plastiki hasa, nayo itawapa wachimbaji wa karne zijazo picha potofu sana ya sisi tulivyoishi.

Ruvuma yenyewe ina somo lake juu ya kuchelewa. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Majimaji, katika mradi uliosimamiwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa, kwa sababu maandishi yaliyokuwepo yalikuwa hasa ya watawala na wamisionari. Wabenediktini walikuwa wamefika Peramiho mwaka 1898 na walikuwa na kalamu, karatasi na mahali pakavu pa kuhifadhia walichoandika. Wakulima waliokuwa wakizungukwa na vita hawakuwa na hivyo. Wanafunzi wale walifanya kazi kubwa, na mengi tunayoyajua leo yanatokana nayo, lakini walifika baada ya zaidi ya miaka 60 na waliowakuta hai walikuwa wachache. Nyaraka huelemea upande wa mwenye karatasi. Leo karatasi iko kila mahali, hadi inazagaa mitaroni, na bado mkulima wa Mshangano hana nyaraka zake mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wakimwonya mwenye duka, lakini hasara hiyohiyo inaikuta familia isiyoandika wala kubandika chochote.

Shajara za namna hii zimewahi kutengenezwa Afrika Mashariki, na zilizo maarufu kuliko zote ni za Dan Eldon. Alizaliwa London mwaka 1970, akahamia Nairobi na wazazi wake akiwa mtoto, na tangu ujana wake akawa anajaza madaftari kwa picha alizopiga, tiketi, lebo, noti, vipande vya magazeti, manyoya, rangi na maandishi yaliyopandana. Aliacha madaftari 17. Alipouawa Mogadishu tarehe 12 Julai 1993 akiwa mpigapicha wa Reuters, pamoja na Hos Maina, Anthony Macharia na Hansi Krauss, alikuwa na umri wa miaka 22. Mwaka 1997 sehemu ya kurasa hizo ilichapwa kuwa kitabu kilichoenea duniani, na vijana wengi wa nchi za mbali walianza kutengeneza shajara zao baada ya kukiona. Anayezitazama kurasa hizo kwa jicho la mtafiti anapata kitu ambacho magazeti ya Nairobi ya wakati ule hayana: lebo za bidhaa, stempu za mipakani, maandishi ya mabango, jinsi vitu vya Kimasai na vya Kizungu vilivyokaa kwenye meza moja. Mpingaji atasema, na atakuwa amesema kweli, kwamba huyu alikuwa kijana wa familia ya kigeni yenye uwezo, aliyekuwa na kamera, gari na muda. Nalikubali hilo kabisa, na ndiyo sababu inayonifanya niitetee kazi hii kwa ajili ya Mshangano. Miaka ya 1980 ya Nairobi kama ilivyoonwa na mtu wa namna yake imehifadhiwa. Miaka hiyohiyo kama ilivyoonwa na binti wa mkulima wa mahindi au tumbaku wa Songea haikuhifadhiwa na yeyote.

Hapa linakuja pingamizi zito zaidi, nalo hutolewa mara nyingi na walimu na wazazi. Watoto wetu hawana penseli za rangi, wanasema, na ninyi mnawaambia waokote taka, mnauremba umaskini. Pingamizi hili halifai kupuuzwa, kwa sababu wapo watu wanaofika na kamera kupiga picha za watoto wakichezea makopo na kuondoka wakisifu ubunifu, bila kuuliza kwa nini shule haina karatasi. Mtoto anastahili penseli na karatasi nzuri, na hakuna shajara itakayoiondolea serikali au mzazi wajibu huo. Ila pingamizi linadhani kwamba kifaa cha kuokota ni mbadala hafifu wa kifaa cha kununua, kinachotumika mpaka hicho cha kununua kipatikane, na historia ya sanaa ya mkoa huuhuu inakataa. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, mwaka uleule ambao wanafunzi wa historia walikuwa wakizunguka na maswali ya Majimaji, hakutumia turubai wala rangi za mafuta za wasanii. Alichukua hadibodi, zile mbao nyembamba za kupigia dari, zikiwa zimekatwa mraba, akazipaka rangi ya kung'aa iliyotengenezwa kwa ajili ya baiskeli na nyumba. Alikufa mwaka 1972, baada ya kazi ya miaka isiyozidi minne au mitano, na mtindo ulioitwa kwa jina lake umeenea duniani. Wanafunzi wake walipopata uwezo wa kununua turubai waliendelea kutumia rangi ileile, maana ukali wa rangi na ule mng'ao wake vilikuwa vimekuwa sehemu ya sanaa yenyewe. Kifaa cha ujenzi kiliamua sura ya mchoro. Mtu asingeweza kuwaza Tingatinga kwa rangi ya maji.

Ulaya nako mambo yalikuwa hayohayo. Msanii Kurt Schwitters wa Hannover alianza baada ya Vita Kuu ya Kwanza kubandika tiketi za tramu, karatasi za peremende na vipande vya matangazo, katika nchi iliyokuwa imevunjika. Leo kazi hizo ziko kwenye makumbusho makubwa, na wanahistoria wa uchumi wanaweza kusoma bei za siku zile juu ya picha. Walimu wa vyuo vyetu vya ualimu wanaolijua somo la kufaraguza zana hawahitaji kusafiri mbali kulielewa jambo hili. Wanalolikosea pengine ni kuishia kwenye zana: kizibo kinakuwa kihesabio, na habari ya kizibo chenyewe inasahauliwa.

Sasa tuiangalie kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu hoja ya ushahidi husimama au kuanguka mezani. Msingi mzuri wa shajara ni kaunta buku lililotumika nusu, lenye hesabu za duka au muhtasari wa kikao cha vikoba, kwa sharti la ruhusa nitakalolieleza mbele. Mshono wake ni imara na jalada lake ni gumu. Asiyekuwa nalo atajenga daftari kwa mfuko wa saruji. Mifuko mingi siku hizi ni ya sandarusi, lakini ile ya karatasi bado ipo, na karatasi yake ya kaki imetengenezwa ibebe kilo 50 bila kupasuka. Huwa ina tabaka zaidi ya moja. La ndani limejaa vumbi ambalo si la kupuliza kwa mdomo: saruji huunguza ngozi ikikutana na unyevu na hudhuru mapafu, kwa hiyo mfuko hukung'utwa nje, mbali na upepo unaokujia usoni, kisha hufutwa kwa kitambaa kibichi, na tabaka la ndani kabisa huachwa. La nje hukatwa kurasa, hukunjwa, na kupigwa pasi. Nembo ya kiwanda isifutwe. Mfuko uliotoka Mtwara, ambako kiwanda cha Dangote kilianza uzalishaji mwaka 2015, unaeleza habari ya barabara ya lami iliyounganisha Songea na bahari kupitia Namtumbo na Tunduru, habari ambayo mzee aliyewahi kusafiri njia hiyo masika ataifafanua vizuri akiwekewa ukurasa huo mbele yake.

Uzi wa kushonea haununuliwi. Mdomo wa mfuko wa mbolea au wa unga hufungwa kwa mshono wa mnyororo, na mwenye kujua upande wa kuanzia huukata uzi sehemu moja, akauvuta, mshono wote ukafumuka kwa mvuto mmoja na kumwachia kamba safi, ndefu na ngumu. Akianzia upande usio wake, mshono hujikaza, na atahangaika nao kwa wembe. Uzi huo hupitishwa kwenye shazia, sindano ileile ya magunia, baada ya mashimo kutobolewa kwa msharasi wa fundi viatu. Hata kipande cha mfuko wa sandarusi chenyewe ni ukurasa wa maana. Wakulima huandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito herufi za majina yao, au alama ya kutambulisha mzigo unapofika mashine ya kusaga au ghalani. Mfuko uliowahi kujazwa lumbesa una makovu kwenye mdomo: matundu ya kamba iliyoshikilia kilemba cha mahindi kilichozidi ujazo. Wakala wa Vipimo umekataza lumbesa miaka mingi, magazeti yameiandika, wabunge wameijadili. Ila mabishano ya mkulima na mnunuzi shambani yameacha alama yake halisi kwenye matundu yale. Mfuko mwingine una mwaka na aina ya mbolea. Ukiwekwa karibu na ukurasa wa msimu wa 2022/2023, serikali iliporudisha ruzuku ya mbolea, na bei aliyolipa mwenyewe ikiandikwa pembeni kwa mkono, kaya imepata waraka ambao mchumi yeyote angeuhitaji.

Gundi nayo ina hoja yake. Uji mzito wa unga wa muhogo, uliochujwa na kupikwa mpaka ukawa wa kung'aa, hushika karatasi na kitambaa vizuri kuliko watu wanavyodhani, na ni rahisi kubandua kwa maji ukikosea. Kasoro yake ni kwamba ni chakula. Mende wanaupenda, na ukurasa uliofungwa ukiwa na unyevu huota ukungu. Kwa hiyo hupakwa kwa tabaka jembamba, kila ukurasa hukaushwa kivulini siku nzima ukiwa wazi, kisha hulazwa chini ya kitu kizito, na kazi ya kubandika vitu vingi huachwa ifanywe kuanzia Juni hadi Oktoba, miezi mikavu ya Songea. Kwa vitu vizito, kama kizibo kilichopondwa bapa au kipande cha mpira wa baiskeli, gundi ya mbao inafaa zaidi, na kushona kunafaa kuliko gundi zote.

Ndipo mpingaji mwingine anaposema: hata ukifanya hayo yote havitadumu. Karatasi ya gazeti hugeuka manjano na kukatika kwa sababu imetengenezwa kwa rojo la mti lisiloondolewa lignini. Risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi (EFD) ni mfano mbaya zaidi. Haina wino kabisa; maandishi yake hutokana na joto juu ya karatasi yenye kemikali, kwa hiyo hufifia yenyewe, na ukiipiga pasi huwa nyeusi yote. Tanzania ilianza kutumia mashine hizo mwaka 2010, na mwenye kuweka risiti ya mwaka ule ndani ya daftari leo anaweza kufungua akakuta karatasi nyeupe. Yote hayo ni kweli. Lakini ukweli huo hauniambii niache. Unanionyesha kwamba kubandika peke yake hakutoshi, na kwamba maandishi ya mkono ndiyo uti wa mgongo wa shajara. Risiti inakiliwa kwa kalamu siku inapobandikwa: kilichonunuliwa, bei, duka la mtaa gani, na kilinunuliwa kwa sababu gani. Risiti ikififia, maelezo yamebaki, na karatasi tupu iliyobaki pale inakuwa nayo ushahidi wa zama za karatasi za joto. Kila kitu kinachoingia kwenye shajara kiandikwe kilikookotwa, tarehe, na kazi kiliyokuwa kikifanya. Wachimbaji wa mambo ya kale wanajua kwamba kigae kisichojulikana kilitoka tabaka gani kimepoteza sehemu kubwa ya maana yake, hata kiwe kizuri namna gani. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha kutofautisha shajara ya kweli na urembo: ukimficha mtazamaji maneno, picha itabaki ya kupendeza, ukimfunulia, ataanza kuuliza maswali.

Wapo wanaoona kwamba simu imemaliza haja hii. Kila mtu anapiga picha, na picha ina tarehe na mahali. Lakini simu inapotea, inaibiwa, inatumbukia ndooni, na mwenye kubadilisha simu kila baada ya miaka michache huacha nyuma maelfu ya picha bila kuzikumbuka. Na hata zikibaki, picha huonyesha uso wa kitu tu. Unene wa karatasi, harufu ya tumbaku kwenye gunia, kitambaa cha kitenge kilichofifia upande uliopigwa na jua na kubaki kikali kwenye pindo, mshono wa mkono uliorekebisha mshono wa mashine: hayo huhitaji kitu chenyewe. Sikatai picha. Zichapwe chache, zibandikwe, ziandikwe majina nyuma kwa idhini ya wenyewe, nazo zitakuwa salama humo kuliko zilivyo kwenye simu.

Kuna utetezi mmoja wa kazi hii ambao siutaki, ingawa unasikika sana, nao ni kwamba inasafisha mazingira. Daftari moja haliondoi uzito wowote wa taka mtaani. Kilichopunguza mifuko ya plastiki Tanzania Bara ni katazo la tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilikuwa imetangulia mwaka 2017. Sanaa inaweza kusaidia kampeni, kama lilivyofanya jahazi la Flipflopi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa vipande vya ndala, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Hiyo ilikuwa kazi ya kuonwa na umati, na ilionwa. Shajara husomwa na watu wawili watatu kwa wakati mmoja. Vilevile siwaahidi vijana kwamba itawapa kipato. Kipato kinawezekana mahali palipo na karakana, soko na mafunzo, kama Neema Crafts ya Iringa, iliyoanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, na baadaye ikaajiri watu wengi wenye ulemavu. Hapo karatasi ya maganda ya mahindi au ya kinyesi cha tembo ni bidhaa, na ni kazi ya heshima kabisa. Shajara iliyotengenezwa ili iuzwe kwa mtalii, hata hivyo, itaanza taratibu kuchagua vitu vinavyompendeza mtalii. Risiti ya dawa ya mahindi itatoka na shanga zitaingia, na ushahidi utakuwa umekwisha.

Kwa kuwa ninasisitiza ushahidi, lazima niseme wazi kisichofaa kuokotwa. Kwenye kata yenye mashamba, chupa na pakiti za viuatilifu ziko nyingi, zina rangi kali na picha za kuvutia watoto, na hazipaswi kuguswa hata zikioshwa. Lebo hiyo inakiliwa kwa mkono au inapigwa picha ikiwa mbali. Vivyo hivyo betri, sindano, vioo na vifungashio vya dawa za binadamu. Pili kuna karatasi za watu. Karanga za kukaanga bado hufungwa kwa kurasa za madaftari ya wanafunzi, majibu ya mitihani, fomu za ofisini, na mara nyingine karatasi zenye majina, namba za simu, hata majibu ya hospitali. Anayetengeneza shajara hupata vishawishi hapo, kwa sababu karatasi hizo zina habari nyingi kuliko zote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazungumzia hasa taasisi zinazokusanya taarifa, lakini adabu inatosha kutuongoza hata pasipo sheria: jina la mtu hukatwa au hupakwa rangi mpaka lisisomeke, na karatasi ya ugonjwa wa mtu haibandikwi. Kaunta buku la kikundi cha vikoba haliguswi bila wanakikundi kukubaliana, hata kama kikundi kilishavunjika, maana madeni ya watu yamo humo.

Linabaki swali la nani atazihifadhi, maana kaya huhama, hugawanyika na hurithisha kwa ugomvi. Shajara nyingi zitabaki ndani ya sanduku la mama mkubwa fulani na zitasomwa na wajukuu tu, na hilo si haba. Lakini maktaba ya mkoa na Makumbusho ya Majimaji ziko mjini Songea, na rafu moja ya kupokea shajara chache kila mwaka, zikiandikwa mwaka, mtaa na aina ya kazi ya mwenye kaya bila jina lake kama hataki, haihitaji jengo jipya wala wafadhili. Makumbusho hayo yanatunza vitu na sura za waliokufa wakipigania nchi hii. Wazao wao wanaopanda mahindi, kufyatua matofali na kushona nguo Mshangano wana haki ya kuwekwa chini ya paa hilohilo. Shule nazo zingeweza kuanza kwa darasa moja, kila mwanafunzi akipewa kurasa chache za daftari la pamoja na jukumu la kufuatilia kitu kimoja: mfuko wa mbolea, kizibo, tiketi, kipande cha kitenge. Mwalimu asahihishe maelezo kwa ukali uleule anaosahihisha insha, na rangi na mpangilio amwachie mtoto. Muda wa kazi hiyo upo tayari kwenye kalenda ya wakulima wenyewe: msimu mmoja, kuanzia pakiti ya mbegu inayofunguliwa mvua za kwanza zikinyesha hadi stakabadhi ya mizani kwenye kituo cha kununulia mahindi cha Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), unatosha kujaza kaunta buku la kwaya mbili.